Mafuta ya Nazi Ndani ya Tangi

Chupa ya mafuta ya nazi ya mjukuu wangu imeganda tena. Kaiweka chumbani kwake huko Qurum, AC inavuma kutwa kucha kama ghala la samaki, halafu ananiletea: "Bibi, yameharibika haya?" Hayakuharibika, yamepata baridi tu. N'kaibana chupa kwapani mpaka ikaanza kulainika ubavuni, n'kaifungua, n'kanusa. Hapo ndipo aliponijia Ami Khalfan, Mungu amrehemu, kifua mbele kama jogoo wa kuazima.

Nitakuambieni habari zake, na msinambie marehemu hasemwi vibaya. Sisemi vibaya. Nasema yalivyokuwa.

Tulikuja Masqat mimi meno ya mbele yameanza kung'oka. Baba alikuwa keshafariki Unguja, na ndugu yake, huyo Khalfan, ndiye aliyetubeba mimi na mama. Hilo nampa, halikuwa dogo. Lakini tangu tuteremke, hakukuwa na kitu cha huku kilichomridhisha. Maji yana chumvi. Samaki wana miba. Watu hawajui mashine. Yeye Unguja aliwahi kufanya kazi kwenye mashua ya mashine, basi huku akajiita injinia, na Bwana Murad, tajiri mmoja wa Matrah, akamsadiki. Akampa mashua yake ya kupeleka mizigo na abiria mpaka Qurayat, maana barabara hakuna siku hizo, na akatupa vyumba viwili nyuma ya ghala lake. Kazi na nyumba vilikuja pamoja. Lishikeni hilo.

Ikaingia shita, majira ya baridi ya huku. Upepo wa shamali ukachafua bahari, Bwana Murad akaamuru mashua ipandishwe pwani mpaka kutulie. Mabaharia wa huku wakamwambia Ami alijaze tangi dizeli pomoni, lisiingie unyevu likapata kutu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Watu wa tende wanifundishe mimi mashine?"

Akaja nyumbani, akachukua kopo la mafuta ya nazi la mama, la mwisho tulilotoka nalo kwetu. Hakuomba. Akayamimina yote ndani ya lile tangi tupu, akalitikisa yakaenea kila pembe. "Chuma cha baharini dawa yake nazi," akasema. "Unguja sote tukifanya hivyo." Mama alilitazama kopo lililorudi tupu, akaliosha, akaliweka rafuni pale pale lilipokuwa, kana kwamba lina kitu. Kilimbakia kichupa kimoja cha mafuta hayo, cha nywele.

Shamali ilipokata, tangi likatiwa dizeli, mashua ikashushwa majini. Sote tulikwenda kutazama, na Ami kavaa kanzu nyeupe, kwenye mashine, kama bwana harusi! Ikawaka. Ikatoa moshi, ikanguruma, tukapiga vigelegele. Ilipofika nje kidogo ya bandari sauti ikalegea. Haikuzima, la. Ilikosa nguvu tu, ikawa inajikokota puh, puh, puh, kama mzee anayepanda ngazi. Wavuvi wa dagaa wakaipita kwa makasia.

"Yaa Khalfan! Tukutupie kamba?"

Ami akageuza uso, akajifanya anatazama mawingu. Siku ile hakukuwa na wingu hata moja.

Basi hapo ukaanza uinjinia. Kwanza kosa lilikuwa la rafadha, lile pangaboi la chini ya maji. Akazamisha mtu kuikagua, ikaonekana safi kama sahani. Kisha kosa likawa la dizeli, akatia nyingine juu ya ile ile. Mwisho kosa likawa la macho ya watu, akamleta bwana mmoja kuisomea na kuinyunyizia maji, na mashine ikasomewa kwa heshima zote, ikabaki vile vile. Kila mwanamme aliyepita akiinama kuichungulia, akitikisa kichwa, akisema "mm", kisha akiondoka. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba huyu hajui, na yule hajui, na Ami Khalfan ndiye asiyejua kuliko wote. Debe tupu haliachi kuvuma. Mashine yake ilikuwa imekosa nguvu, mdomo wake haukukosa.

Kilichomchezea zaidi ni kwamba adhuhuri, jua likishika, mashine ilikuwa nzima. Ikivuta kama ng'ombe. Ami akikimbia kwa Bwana Murad kumwambia keshaitengeneza, Bwana Murad anapanga safari ya alfajiri, na alfajiri, puh, puh, puh. Mara ya tatu Bwana Murad akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu. Hakupiga kelele. Alisema Alkhamisi ana abiria wa kwenda Qurayat, na mashua isipovuta atatafuta mtu mwengine, na huyo mtu naye atataka pa kulala. Akatutazama mimi na mama, akaona haya, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ananisuka. Kichupa chake kilikuwa kimeganda, cheupe pepe, kama kawaida ya asubuhi za shita, naye kakiweka pembeni ya seredani ya makaa kiyayuke. Nilimwona anakitazama. Akakigeuza juu chini, mafuta hayakutoka. Akangoja. Akakigeuza tena, yakatoka. Kichwa changu nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama mwiba wa samaki, mama akachukua buibui lake na birika la maji ya moto. "Inuka twende."

Pwani Ami alikuwa peke yake, kakaa juu ya gunia.

"Shemegi, fungua tangi."

"Wanawake na mashine, Mama Zuwena?"

"Fungua, Khalfan."

Mama hakuwahi kumwita jina tupu. Akafungua. Mama akatia mkono mpaka begani, akautoa umeshika madongemadonge meupe. Akaunusa. Alinivuta mimi karibu, akanipaka yale mafuta, na dizeli yake, kwenye ile nusu ya kichwa isiyosukwa, taratibu, mpaka mkono ukasafika, na muda wote anamtazama Ami usoni. Wallahi sijaona mtu akitukanwa vile bila ya kutukanwa.

Wakamimina maji ya moto juu ya bomba na juu ya tangi kwa nje, wakafungua chini yakatoka machafu yote, wakasafisha chujio lililozibwa na mafuta yetu, wakasuuza tangi kwa dizeli mpya. Mashine ikawaka kabla jua halijapanda. Ikanguruma ngurumo moja, haikulegea.

Bwana Murad akaja mbio, kanzu kaishika mkononi. "Khalfan! Ilikuwa nini?"

Na Ami Khalfan, bila ya haya, akafuta mikono. "Dizeli ya huku, bwana. Chafu. Nimeijua kwa kuisikiliza tu."

Nilifungua mdomo. Mama akanifinya chini ya kwapa, finyo ambalo alama yake niliikuta jioni. "Shemegi ana sikio," akasema. "Tangu Unguja."

Alkhamisi mashua ilikwenda Qurayat. Sisi tukabaki kwenye vyumba vyetu viwili, na mimi nikanuka dizeli wiki nzima, watoto wa jirani wakiniona wakiziba pua. Nilimchukia Ami. Mama nilimchukia zaidi, kwa kumvika taji mtu kama yule. Nikasema moyoni mama yangu anamwogopa.

Hadithi ile Ami aliisimulia kwenye kila kahawa mpaka akazeeka. Nchi ikafunguka, barabara zikaja, mashua ikaoza, yeye bado aliijua mashine kwa kuisikiliza. Na mama ndiye aliyekuwa akimmiminia kahawa. Siku moja, mimi nishakuwa na watoto wangu, n'kamuuliza amewezaje kuvumilia. Akaweka dele la kahawa chini.

"Ningesema pale pwani, Murad angejua nani kalitia tangi nazi. Ningekuwa mkweli, na wewe ungelala wapi?"

Ndipo nilipofahamu kwamba mama hakumwogopa yule mwanamme hata chembe. Alimdharau kunishinda mimi. Ila dharau yangu ilikuwa ya kitoto, ilitaka kupiga kelele. Ya kwake ilikuwa imeshahesabu nani atanyeshewa.

Chupa nimemrudishia mjukuu, imeyayuka. Kaiweka pale pale kwenye AC.