Fakitire ya Mwisho ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa akitoa mawese kwetu Rumonge na kuyauza Bujumbura, na simu yake ilikuwa ya abonema, ile ya kulipiwa kila mwisho wa mwezi. Yangu ilikuwa ya kadi. Miaka ile ya vita ungeondoka asubuhi usijue kama utarudi, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Akirudi, akifika Magara ananibipu mara moja, akipita Minago, karibu na nyumbani, mara mbili. Sipokei. Nikisikia bipu ya Minago ndipo nasonga ugali, maana bwana yule chakula kikipoa alikuwa ananuna kama mtoto.

Siku hiyo bipu ya Magara ilikuja. Ya Minago haikuja.

Gari alilopanda lilikutwa limechomwa, yeye hakuonekana. Simu yake iliendelea kuita bila kupokewa, kisha ikawa haipatikani. Mama mkwe akakataa matanga. "Mutu hatujamuona, tunamulilia nini? Pengine amevuka ziwa, iko Kongo." Sikubisha. Sikulia, wala sikuomba. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilifua, nikapika, nikauza mawese yaliyobaki.

Miezi ikapita. Shemeji akasema abonema ile inatula bure, ikafungwe. Mama mkwe akanivuta kando. "Enda ufunge. Lakini mbele ya kufunga, waombe fakitire, ile karatasi ya hesabu ya simu. Kama alipigia mutu simu, itaonekana." Ee, mama yule alikuwa na akili.

Nikapanda gari mpaka Bujumbura, nikapanga foleni ofisini kwa kampuni ya simu.

"Amahoro, mama," akanisalimu dada wa dirishani. "Mwenye simu iko wapi?"

"Hayupo."

Nikamwonyesha cheti chetu cha ndoa. Akatoa fakitire ya mwisho, akanisukumia.

Nikakimbilia chini kabisa, penye jumla. Jamani! Ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kulipa. Moyo wangu, uliokuwa umelala miezi yote ile, ukaruka. Mtu aliyekufa atatumiaje simu kiasi hiki? Nikacheka mbele za watu. Mjinga huyu, nikasema moyoni, anaongea na nani huko kutwa nzima, na mimi hanipigii? Nikamkasirikia kabisa, na hasira ile ilikuwa tamu.

"Amempigia nani?" nikauliza.

Dada akaigeuza karatasi, akaweka kidole. "Hapa hakuna maongezi, mama. Hii iko abonema ya mwezi huu, na huu, na huu. Simu ilale, isilale, abonema inatembea tu. Hii nayo faini ya kuchelewa kulipa." Kidole kikashuka mpaka kwenye mstari wa maongezi. "Zero. Toka mwezi ule, zero."

"Na bipu?"

"Bipu haiandikwi. Isiyopokewa hatuihesabu."

Ganzi ikarudi mahali pake. Nikalipa. Dada akashika kalamu.

"Sababu ya kufunga?"

Nyuma yangu mtu akafyonya.

"Niandike amesafiri?"

"Andika amekufa," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo, na nililitamka mbele ya mtu nisiyemjua hata jina. Akaandika. "Pole, mama," akasema, kisha akamwita aliyefuata.

Rumonge nilimkuta mama mkwe amekaa kizingitini. Hakuniuliza habari za safari.

"Alipiga?"

"Hakupiga, mama. Hata moja."

Sikujua nimshike au nipite ndani, na kusema kweli sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo. Kisha akasimama, akakifungua kitenge chake kiunoni na kukifunga upya, akakikaza sana.

"Kawashe moto uwanjani," akasema. "Watu watakuja kulala matanga."