Chaji ya Mke wa Fundi Betri

Fundi betri alikuwa mbishi tangu ujana, na ubishi huo ndio uliomponza. Mkewe alipoanza kupotea ndani ya nyumba yao ya vyumba viwili, akitia sabuni kwenye sufuria ya uji na kumwita mumewe "wewe kaka", majirani walisema ni uzee. Yeye akasema uzee gani, hiyo chaji imeisha.

Hakuwa anatania. Redioni alimsikia daktari akieleza kwamba ubongo unakula nguvu nyingi mno, kwamba seli zake zikichakaa hushindwa kuitumia sukari vizuri, na kwamba mtu akikaa muda mrefu bila kula, ini hugeuza mafuta ya mwili kuwa chakula kingine ambacho ubongo hukipokea. Daktari akaongeza kuwa utafiti bado unaendelea, watu wasiyajaribu hayo kwa wagonjwa wao nyumbani. Hapo mzee alikuwa keshazima redio. Maskini, alishasikia alichokitaka.

Kwenye kibanda chake, betri iliyochoka haisukumiwi umeme tu. Unamwaga maji yake, unaisuuza, unaiacha ikae tupu, ndipo unaichaji taratibu. Basi akamfanyia mkewe vivyo hivyo: mlo mmoja mchana, jioni maji matupu. Duniani alitaka kitu kimoja tu, mkewe amtambue.

"Kaka, leo hatuli?" mama wa watu aliuliza kila jioni.

"Tumeshakula, mama."

Alijua anadanganya, na kila alipodanganya alijiona mwizi. Ila nani mwingine angemwita kwa jina lake mle ndani? Watoto wako mbali, simu zao ni za salamu tu.

Gauni likaanza kumpwaya mkewe. Siku moja alikutwa dukani kwa jirani akitafuna mkate mkavu, akilalamika kwamba nyumbani kuna mwanamume anamnyima chakula. Mzee aliona aibu ya kufa mtu. Akampeleka zahanati, akaeleza alivyokuwa akimnyima chakula cha jioni, na muuguzi alipokwisha kumpima uzito alimgeukia bila kupaza sauti.

"Baba, mtu aliyekonda hivi hafungishwi. Mafuta yameisha, sasa mwili unajila wenyewe. Mpe chakula."

"Nilitaka akili zirudi."

"Najua, baba. Kwa njaa hazitarudi."

Jioni hiyo alipika viazi na mayai, akamwekea sahani, mwenyewe akakaa pembeni. Yeye hakujipakulia. Mkewe alikula mpaka akalamba vidole, kisha akamwonea huruma.

"Kula na wewe, kaka. Mume wangu akirudi nitamwambia umenilisha vizuri."

"Unamkumbuka mumeo?"

Alimtazama kana kwamba ameulizwa upuuzi. "Nitamsahauje? Mbishi yule, lakini hajawahi kunilaza na njaa."

Mzee aliinuka kwenda kumwongezea viazi.