Mamangu Yuko Kwa Albamu ya Rock

Wasee, nisaidieni. Mamangu yuko kwa albamu ya rock.

Binamu yangu Kim na bendi yake hurekodi huku kwetu Theta, kwa banda la kuku la mama ambalo lilibaki tupu. Ni ile rock ya gitaa kuzunguka mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Hao hutoa albamu mpya kabla hujamaliza kusikiza ya kwanza. Na kwa hii ya sasa, kila anayepita bandani anaingizwa.

Leo nikaiskiza kwa mtandao nikiwa kazini Ruiru.

Katikati ya wimbo gitaa zinanyamaza, halafu namsikia mama akiombea chai.

Mama akiombea chai, chai hupoa. Anaombea majani, sukari, hadi ng'ombe aliyetoa maziwa. Nyuma yake ngoma zinaingia polepole.

Na huyu ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani.

Nikaomba ruhusa, nikakimbia nyumbani kuwaambia waondoe hiyo sala.

Nafika bandani, mama mwenyewe amesimama kwa maiki na gamubuti zake. Anamwambia mpiga ngoma, "Wewe unakimbia. Kwani nani anakufukuza?"

Nikamuuliza, "Mama, unajua sala yako iko kwa mtandao?"

"Najua. Walikata kabla ya amina. Sala haiachwi wazi hivyo. Nimekuja tuifunge."

Halafu akanipa kayamba.

Saa hii nimeishika, na sijui kama nimekasirika ama niko kwa bendi.