Regyuleta Iliyonikosanisha na Mzee

Leo nusura baba anifukuze nyumbani Kiplombe juu ya bunduki yake ya upepo!

Niliiwekea regyuleta, kale kakifaa kanakofanya kila risasi isukumwe na presha ile ile.

Maana Mzee amelalamika sana: tenki yake ya hewa ikijaa, risasi inapita juu, hewa ikipungua, inaanguka. Na panya wanamaliza mahindi stoo.

Tukajaribu kwa kopo. Mwendo wa risasi ukawa mdogo kuliko zamani!

"Nancy, umeiua," akasema.

Nikakaza springi ya nyundo, ile inayogonga vali itoe hewa. Wapi! Hewa ikaisha haraka, mwendo ukabaki pale pale.

Mzee amelenga shabaha tangu enzi za chama kimoja. Akaanza kukusanya risasi zake. Heri angenigombeza.

Nikafanya kinyume, nikalegeza springi; kumbe presha ikishapunguzwa, nyundo kali inamwaga hewa bure.

Weeh! Mwendo haukushuka, mlio ukatulia, na risasi zote zikapita shimo moja.

Mzee akainua lile kopo, akachungulia shimo, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa toka hapo, ni zamu yangu."

Hiyo ilikuwa asubuhi. Mpaka sasa hajaniachia.

Nyinyi wenye wazee kama huyu, zamu mnapataje?