Mkono Chini ya Gunia

Rafiki yangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakuambia haya mambo vile yalikuwa. Muhuru Bay ya miaka ya tisini naikumbuka kwa harufu ya omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ikikauka juani. Iliingia kwa nywele, kwa shuka, mpaka kwa Biblia ya Mama. Mama alinunua omena kwa gunia, na hakununua kwa macho. Muuzaji akisema yake ndiyo nzuri kuliko zote, Mama alikunja mkono wa nguo, akazamisha mkono mpaka chini kabisa, akatoa ngumi moja, akanusa. Huko chini ndiko walificha zenye mchanga na zile hazijakauka.

Wakati huo dada yangu Akinyi alikuwa Homa Bay kwa shangazi, aliyemchukua akaahidi kumsomesha. Barua zilikuja kwa Kiingereza, mume wa shangazi akiandika, maana alikuwa karani. Mama hakujua Kiingereza, kwa hivyo Jumamosi baada ya kanisa tulimpelekea mwalimu wangu atusomee.

“Akinyi yuko in the best of health,” mwalimu alisoma. “Yaani afya yake ni bora kabisa.”

“Kuliko ya nani?” Mama akauliza. “Huyo mtoto mvua ikinyesha tu anakohoa.”

“Mama Akinyi, hiyo ni Kiingereza tu. Hivyo ndivyo watu wa ofisi huandika.” Akaendelea: masomoni she is doing her best, yaani anajitahidi awezavyo, na mwisho with best wishes, salamu za heri.

“Wamesema anakula nini?”

“Hapana.”

“Rafiki yake anaitwa nani?”

Mwalimu akageuza karatasi, akaangalia nyuma. Hakukuwa na kitu.

 Usiku aliomba muda mrefu, na Jumatatu alinishika mkono tukaenda Homa Bay, na mkebe wa omena kwa kikapu, bila kutuma habari.

Tulifika saa sita mchana, siku ya shule. Akinyi alikuwa nyuma ya nyumba, mikono kwa beseni ya nguo za watoto wa shangazi, anakohoa. Alipotuona hakukimbia kuja. Aliangalia mlango kwanza.

“Wifi, leo tu hajaenda,” shangazi alisema akitoka. “Sisi tunajaribu our level best.”

Mama hakubishana. Alimsalimia vizuri, akampa omena, kisha akasema, “Akinyi, niletee madaftari yako.”

Aliyafungua kutoka nyuma kuja mbele, karatasi moja moja. Yote yalikuwa meupe mpaka karibu na mwanzo. Mwandiko wa mwisho ulikuwa wa mwezi ule aliofika. Mama akayafunga, akayaweka kwa kikapu. “Chukua nguo zako, mama,” akamwambia Akinyi. “Twende nyumbani.”

Mimi Kiingereza nilikisoma ukubwani, masomo ya jioni, nikitoka sokoni. Huko nilijifunza kwamba best ni bora kuliko zote na least ni kidogo kuliko zote, kisha nikafundishwa at least, last but not least, all the best. Mwalimu wetu alituambia ni maneno ya adabu tu, hayapimi kitu na kingine. Labda ni kweli. Watu wazuri wengi huyaandika, hata pasta wetu. Lakini mwanangu wa kiume aliye chuo akinitumia ujumbe kwa simu kwamba he is doing his best, mimi humpigia saa hiyo hiyo. Namuuliza amekula nini, na amekula na nani. Ananiambia, “Mathe, wewe unashuku sana.” Nakubali, na bado nangoja jibu.

Akinyi leo ni nesi, na kifua bado kinamsumbua mvua ikinyesha. Kama unamjua mama ambaye mtoto wake analelewa mbali, na habari zinazomfikia ni nzuri tupu, tafadhali mwambie hii. Mwambie aende mwenyewe, bila kutuma habari.