Diski Mbili, Kitambulisho Kimoja

Kliniki ya uzazi ilikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, mwanamke asiyeishiwa maneno. Walimwita Mama Nakala, maana hata risiti ya sabuni hakuiacha bila kuitolea nakala. Vyeti hakuwa navyo. Ukutani alitundika kalenda, na ilimtosha.

Kila Ijumaa alinakili diski nzima ya kumbukumbu za kliniki kwenye diski ya pili, kisha akaiacha mlemle ndani ya kompyuta, bega kwa bega na ya kwanza. Zisione upweke, alisema.

Jumatano asubuhi, muda mfupi baada ya Mama Nakala kuiwasha kompyuta, mkunga mkuu aliingia na baba mmoja aliyepakata kichanga ndani ya taulo la kijani.

"Huyu nilimpokea jana akizaliwa, kwa mikono yangu hii," alisema mkunga. "Kompyuta inasema hajazaliwa."

"Labda hajamaliza, dada."

Baba hakucheka. "Moyo wake una tundu, mama. Daktari wa hospitali kuu anatungoja saa nane, na bila karatasi ya kuzaliwa hawatupokei."

Utani ukamkauka Mama Nakala mdomoni. Alitazama kioo cha kompyuta: Jumatatu ipo, Jumanne hakuna. Watoto kumi na mmoja wamefutika kama hawakuwahi kulia.

Ndipo akakumbuka kuwa jana alfajiri umeme ulikatika na mashine ikawashwa upya. Akakagua vitambulisho, ile mistari mirefu ya herufi na tarakimu ambayo kwayo mashine huziita diski zake. Vilikuwa sawasawa, hadi herufi ya mwisho. Kumbe alikuwa amenakili kila kitu, na kitambulisho pia. Mashine ikiita, anayewahi kuitika ndiye anayepewa kazi. Jana iliwahi nakala, Jumanne yote ikaandikwa humo. Leo imewahi diski ya kwanza.

"Haiangalii sura," alinong'ona. "Inaamini jina tu."

Akaipa nakala kitambulisho kipya kwa mstari mmoja wa amri, akaifungua. Wote kumi na mmoja walikuwemo. Wa saba ndiye huyu: msichana, kilo mbili na gramu mia tisa, analia vizuri.

Mama Nakala alimtazama yule wa kwenye kioo, akamgeukia yule wa kwenye taulo, aliyekuwa anapiga miayo.

Akachapa karatasi. Mkunga akanyoosha mkono kupokea ya pili, kama kawaida.

"Moja inatosha," alisema Mama Nakala, akamkabidhi baba kwa mikono miwili.