Mluzi na Kopo Lake

Mume wa dada yangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Mluzi. Jina hilo alilipata dukani kwake. Akishakaa kwenye kigoda na kubana kiatu katikati ya magoti, alikuwa akipiga mluzi toka asubuhi mpaka anapofunga: nyimbo za harusi, nyimbo za shule, hata tangazo la sabuni la redioni. Mteja mgeni akiuliza njia huambiwa, "Nyoosha moja kwa moja, utasikia mwenyewe."

"Shemeji yako ana mwanamke," dada aliniambia siku moja jikoni kwake, tukichagua mchele.

Mimi nafundisha biolojia katika chuo cha ualimu, na dada amezoea kuniletea matatizo yake kana kwamba ni karatasi za kusahihisha.

"Mluzi? Mwanamke gani atavumilia harufu ile?"

"Usicheke. Nieleze wewe uliyesoma. Mtu anaimba dukani siku nzima. Akifika nyumbani, mwanzoni ni mzima, anataniana mpaka na kuku. Chai haijapoa, keshanuna. Siku ya mapumziko ndiyo usiseme. Anaamka kichwa kinamuuma, kiti kinamchoma, watoto wanapiga kelele hata wakiwa kimya. Ikifika mchana, 'Nimesahau nyundo dukani.' Haya, anaifuata nyundo. Anarudi baadaye, mluzi unatangulia, yeye anafuata. Hiyo nyundo ina midomo?"

"Haina, dada."

"Basi anayemfurahisha ni nani?"

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo. Dada yangu hakuwa akiogopa mwanamke. Watoto wake wamekua na kuanza kuondoka mmoja mmoja, na sasa alikuwa akijiuliza kama mtu aliyebaki naye aliwahi hata siku moja kufurahi kwa sababu yake.

"Nenda ukakae pale," alisema. "Peleka kiatu. Wewe ni shemeji, atakutania na kusema yote."

Nilipeleka viatu vyangu vya kazini, soli ya kushoto ikiwa imeachia mdomo. Duka la Mluzi ni chumba chembamba chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa. Chini ya mlango alikuwa amesukumia tambara.

"Karibu, shemeji! Funga mlango haraka, vumbi linaingia. Vumbi na gundi ni kama dada yako na mimi siku ya mapumziko. Havishikani."

Alinionyesha kazi bila kuombwa. Kwanza msasa, mpaka ngozi na mpira viwe na makwaruzo. Halafu gundi, kutoka kwenye kopo kubwa lililokaa wazi karibu na goti lake, inapakwa pande zote mbili. Kisha unangoja. Ukibandika mapema, soli itang'oka. Ukichelewa, haitashika kabisa. Katikati yake kuna muda mfupi ambao mafundi huuita gundi kuiva.

"Unajuaje kwamba imeiva?"

Aliinua soli yangu, akaiweka chini ya pua, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa mkate. "Ikichoma puani, mbichi. Ikilegea, imeiva. Aliyenifundisha kazi alifanya hivi, na aliyemfundisha yeye. Wengine hugusa kwa vidole. Vidole vinaacha alama, shemeji. Pua haiachi alama."

Akaendelea kupiga mluzi. Nilikaa kwenye benchi la wateja, nikamwuliza habari za watoto, za kodi, za mgongo wake. Mwanamke hakuonekana hata kwenye mazungumzo. Ila niliona kwamba ndala yake moja ilikuwa imebaki mlangoni na yeye hana habari, mguu mmoja mtupu. Nikaona pia buti moja ukutani, limefunguka mbele, ulimi unaning'inia. Lilifanana na mkuu wetu wa chuo anapotaka kusema jambo la maana na limemtoka kichwani. Nikacheka. Nikamweleza, naye akacheka. Nikatazama tena lile buti, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka namna ile. Mimi si mtu wa kucheka sana.

"Umeona?" Mluzi alisema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Kila anayekaa hapa hucheka. Duka hili lina baraka."

Simu yangu ikalia, nikatoka nje kuipokea. Hewa ilinipiga usoni, na barabara ikawa laini chini ya miguu yangu kama godoro. Niliegemea ukuta. Ile furaha ilinitoka mara moja, kama maji yanavyotoka kwenye beseni, ikaniachia kichwa kizito chenye kugonga. Nilipofungua mlango kurudi ndani, harufu ya gundi ilinichoma macho. Nilisimama pale kizingitini nikiduwaa. Muda mfupi tu nilikuwa nimekaa ndani ya harufu hiyohiyo, na sikuwa nikiisikia.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Pua huchoka. Ukiipa harufu moja kwa muda, inaacha kuitangaza. Lakini mapafu hayachoki. Ndani ya gundi ile kuna kiyeyushi, kimiminika kinachoifanya iwe laini na ipakike, na gundi inapoiva, kiyeyushi ndicho kinachoruka hewani. Kikivutwa, kinaingia kwenye damu, na damu hukifikisha kichwani upesi kuliko mtu anavyomaliza sentensi. Ubongo una mafuta mengi, na kiyeyushi hupenda mafuta. Kikifika huko hufanya kazi karibu sawa na pombe. Zile sehemu za ubongo zinazotuzuia, zinazotuambia nyamaza, ona aibu, fikiri kwanza, ndizo zinazolegea mapema, kwa hiyo mtu hujiona mwepesi. Ubongo nao haukai bure. Ukipewa ulegevu kila siku, hujifunza kukaza upande wa pili ili usawa urudi. Sasa mwondolee mtu ule ulegevu siku moja, mwache na mkazo peke yake. Kichwa kitamuuma, kiti kitamchoma. Atakumbuka nyundo.

Nilimrudia dada. "Nimemwona mwanamke wako. Anakaa ndani ya kopo."

Nilimweleza yote. Alicheka kwanza, akajipiga mapaja kwa viganja. "Nilikuwa nimeshamtungia sura! Mrefu, mweupe wa meno!" Halafu kicheko kikaisha, akatazama mlango. "Kwa hiyo hata huko dukani hakuwa akifurahi," alisema. "Sasa huyu mtu nimeolewa naye lini?"

Nilirudi dukani nikamweleza mumewe.

Mluzi mwenyewe aliudhika. "Unanifananisha na wale wanaovuta gundi kwenye mifuko? Mimi fundi, shemeji! Kopo ni la kazi!"

"Mapafu hayajui kwamba uko kazini."

"Ndiyo ubaya wa kuoa kwenye ukoo wa walimu."

"Na ndala yako nyingine iko wapi?"

Alitazama chini. Ilikuwa nje, karibu na bomba, alikopita muda mrefu uliopita. Dada alikuwa akimcheka miaka nenda rudi kwa kuzisahau ndala njiani. Hakuna aliyewahi kujiuliza kiatu kinawezaje kumtoka mtu asijue.

Tulikwenda naye kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari alimwambia afumbe macho, akaanza kumgusa vidole vya miguu kwa sindano, kimoja baada ya kingine. Mluzi alikaa ametulia, mikono mapajani.

"Niko tayari, daktari," alisema mwishoni. "Anza tu."

Dada alinishika mkono akaubana.

Daktari alieleza bila haraka. Baadhi ya viyeyushi vya gundi huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu zaidi, inayotoka mgongoni kwenda miguuni. Baadaye mikono. Dawa kubwa ni kuacha kuvuta mvuke ule. Fungua dirisha, fanyia kazi mlangoni, usinuse soli tena. Na alionya kwamba huenda ganzi ikaongezeka kwa muda hata baada ya kuacha, ndipo ianze kupungua, taratibu sana, na haijulikani itarudi nyuma kiasi gani.

Njiani kurudi nilidhani atauliza kuhusu miguu. Alitembea akiwa ametutangulia kidogo, akiinua nyayo juu kuliko kawaida kama mtu apitaye kwenye matope. Kisha akaningoja.

"Shemeji, ule mluzi ulikuwa wangu au wa gundi?"

"Sijui."

"Wewe ndiye mwalimu."

"Najua mvuke unapita wapi. Ukishafika kule ndani ukachanganyika na wewe, hakuna anayeweza kuwatenganisha kwa maneno."

"Basi nitawatenganisha kwa kazi," alisema. "Nitafungua dirisha. Mluzi ukibaki, ni wangu. Ukiondoka, nitajua nilikuwa nimekodishiwa."

Alifungua dirisha, akalitoa lile tambara, akavuta kigoda chake mpaka mlangoni. Kopo akalifunika, akawa analifunua pale tu anapochovya brashi. Na mluzi ukaondoka.

Siku za kwanza alikuwa mkali kama pilipili. Jasho, usingizi wa vipande vipande, mikono haitulii. Hilo nililitarajia, nikamwambia dada avumilie. Lakini hata mwili ulipotulia, duka liliendelea kuwa kimya. Wateja waliuliza kama amefiwa. Mgeni mmoja alipita mlango mara mbili akitafuta sauti. Miguu ikazidi kufa ganzi, kama tulivyoonywa, na yeye akaona dirisha ndilo linalomwadhibu.

Jambo la kazi ndilo lililomvunja. Bila pua, ilimbidi ajue kuiva kwa gundi kama mafundi wengine wanavyojua, kwa kugusa kwa mgongo wa kidole: kidole kikitoka kikavu, imeiva. Kumbe vidole vyake navyo vilikuwa vimeanza kulala. Hakuweza kutofautisha kinachonata na kilichokauka. Mteja mmoja alirudi na kiatu kinachofunguka kila hatua.

"Fundi, hiki kiatu kinaongea."

"Kinasemaje?"

"Kinasema umekibandika kibichi."

Zamani angecheka mpaka buti la ukutani lianguke. Safari hii alikipokea tu, akainama. Nyumbani alimwambia dada, "Labda sijawahi kuipenda kazi hii. Labda sijawahi kupenda chochote. Nilikuwa nanusa tu."

Dada aliniambia kwamba neno lile lilimkaa kifuani kama mfupa. Kesho yake alijifunga kanga kiunoni, akabeba kigoda cha jikoni, akaenda dukani na kukaa upande wa pili wa mlango, hewani.

"Unataka nini?" Mluzi alimwuliza.

"Lete hiyo soli. Mimi vidole ninavyo."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mluzi anapaka, dada anagusa. "Bado." "Bado." "Imeiva, weka!" Nyundo inaanguka. Walibishana sana. Mume alimwambia ana mkono wa kukandia unga, naye dada akamjibu, "Ndiyo maana hujawahi kula kibichi, baba watoto." Viatu viliacha kuongea. Miezi ikapita, na siku moja mumewe alisikia kokoto ndani ya ndala yake, akaivua na kuitazama ile kokoto kiganjani kama mtu aliyeletewa zawadi. Mluzi ulikuwa bado haujarudi, na hakuna aliyeutaja tena.

Nilipita pale mchana mmoja kuchukua viatu vyangu vingine. Dirisha lilikuwa wazi, vumbi la barabarani likielea ndani ya mwanga, na dada alikuwa ameshika soli mbele yake akiikinga kwa upindo wa kanga. Nilitaka kusalimia. Akaniinulia kidole, ninyamaze.

Mluzi alikuwa ameinama akikata uzi. Kutoka midomoni mwake ilikuwa ikitoka sauti nyembamba, nusu pumzi. Ulikuwa ule wimbo wa tangazo la sabuni. Aliukosea katikati, akaurudia toka mwanzo, na kwa jinsi alivyokunja uso juu ya uzi wake nilijua kwamba yeye mwenyewe hajui anapiga mluzi.

"Imeiva?" aliuliza bila kuinua kichwa, kisha akaendelea pale alipoachia.

Nilitazama soli mkononi mwa dada. Gundi ilikuwa imefifia, haing'ai hata kidogo. Dada aliigusa kwa mgongo wa kidole, na kidole kikatoka kikavu.

"Bado," alimwambia. "Ngoja kidogo."